Dawa za kuacha pombe: Mbona humfaa mmoja na kumshinda mwingine?

KUNA swali moja linalosikika sana katika vyumba vya madaktari hapa Gilgil, Naivasha, Nakuru na hata kule Ol Kalou. Mara nyingi anayeliuliza si mgonjwa mwenyewe bali ni mke, mama au kaka yake. “Daktari, mwana wa jirani alipewa tembe akaacha pombe kabisa. Wetu amepewa zile zile na bado anarudi usiku akiyumba. Je, ana kichwa ngumu, ama amerogwa?”

Jibu fupi ni kwamba huenda si ukaidi wala uchawi. Miili ya watu haifanani, na dawa za kutibu uraibu wa pombe huionyesha tofauti hiyo waziwazi. Dawa moja inaweza kumtoa mtu katika pombe, ikamwacha mwenzake palepale alipokuwa, na ikamlaza wa tatu hospitalini. Asiyelijua jambo hili huingia katika moja ya hatari mbili. Ama humkatia tamaa mgonjwa ambaye dawa nyingine ingemfaa, ama humpa mtu wake tembe za jirani zikamdhuru. Hatari zote mbili zimewapeleka watu kaburini.

Tatizo letu sote

Utafiti wa kitaifa uliofanywa na shirika la NACADA mwaka 2022 ulionyesha kwamba mtu mmoja kati ya kila wanane wenye umri wa miaka 15 hadi 65 nchini Kenya hunywa pombe. Mmoja kati ya kila 20 alikuwa ameshakuwa mraibu.

Sisi wa Bonde la Ufa la kati hatuhitaji takwimu ili tuamini. Barabara kuu ya Nairobi kwenda Nakuru inapita mlangoni petu pamoja na malori yake. Pale Kikopey nyama choma huandamana na chupa. Vijijini kuna muratina na busaa, na vichochoroni kuna chang’aa ambayo hakuna ajuaye ukali wake wala kilichotiwa ndani. Hata ile sheria ya mwaka 2010 ya kudhibiti vileo, iliyozuia baa kuuza pombe kabla ya saa kumi na moja jioni siku za kazi, ilibandikwa jina la mtu wa kwetu. Watu waliiita Sheria ya Mututho, kutokana na John Mututho aliyekuwa mbunge wa Naivasha wakati ambapo Gilgil ilikuwa ingali ndani ya eneo bunge hilo.

Sheria husaidia, lakini saa za baa hazimtibu aliyekwisha kuwa mraibu. Mraibu ni mgonjwa. Utamtambua kwa dalili hizi: hawezi kujizuia akishaanza kunywa, asubuhi mikono hutetemeka mpaka apate kidogo, huhitaji pombe nyingi zaidi kuliko zamani ili alewe, na huendelea kunywa hata baada ya kupoteza kazi, afya au jamaa. Mtu wa aina hiyo hahitaji mahubiri peke yake. Anahitaji matibabu, na dawa ni sehemu mojawapo ya matibabu hayo.

Dawa tatu, kazi tatu

Kosa la kwanza ni kudhani kwamba “dawa ya pombe” ni moja. Zipo kadhaa, na zinazotumiwa zaidi ulimwenguni ni tatu. Kila moja hufanya kazi kwa njia yake.

Ya kwanza na kongwe zaidi ni disulfiramu, ambayo wengi huifahamu kwa jina la Antabuse. Mwaka 1937 daktari wa kiwanda kimoja cha mpira nchini Marekani aliandika kwamba wafanyakazi walioshughulika na kemikali za jamii hiyo walikuwa wakiugua kila walipoonja pombe. Miaka kama kumi baadaye, huko Copenhagen, Denmark, watafiti Jens Hald na Erik Jacobsen walikuwa wakiichunguza kemikali hiyo kama dawa ya minyoo. Waliimeza wao wenyewe, na walipokunywa pombe wakashikwa na ugonjwa. Mwaka 1948 walitangaza matokeo yao.

Inavyofanya kazi ni hivi. Pombe ikiingia mwilini, ini huigeuza kuwa sumu iitwayo asetaldehaidi. Kisha kimeng’enya kingine, yaani mojawapo ya kemikali za mwili zinazovunjavunja vitu, huiondoa sumu hiyo upesi. Disulfiramu hukizuia kimeng’enya hicho. Mtu aliyeimeza akinywa pombe, sumu hujaa katika damu. Kwa kawaida katika muda wa dakika 10 hadi 30 uso huwaka moto, moyo hudunda, kichwa hugonga, matapishi huja na shinikizo la damu laweza kuporomoka. Kumbuka kwamba disulfiramu haiondoi hamu ya pombe. Ni kama askari aliyesimama mlangoni: unaogopa kuingia kwa sababu unamwona.

Ya pili ni naltreksoni, iliyoidhinishwa Marekani kwa matibabu ya ulevi mwaka 1994. Mtu anywapo, ubongo hutoa kemikali zake wenyewe za raha. Naltreksoni huziba milango ambayo kemikali hizo hupitia. Mgonjwa akinywa, hatapiki, ila ile raha aliyoizoea haiji kama zamani, na wengi hujikuta wakiiacha glasi ya tatu mezani. Kwa kawaida ni tembe moja ya miligramu 50 kwa siku.

Ya tatu ni akamprosati. Ilianza kutumiwa Ufaransa mwaka 1989 na kuidhinishwa Marekani mwaka 2004. Wataalamu wanaamini kwamba huutuliza ubongo uliozoea pombe, ambao sasa umeikosa na umekosa utulivu. Humezwa mara tatu kwa siku, tembe mbili mbili za miligramu 333, jambo linalowashinda wengi kulikumbuka.

Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani liliziweka naltreksoni na akamprosati katika orodha yake ya dawa muhimu.

Zinasaidia kiasi gani?

Hapa nakuomba usome polepole, kwa sababu matumaini yaliyopita kiasi ndiyo huzaa kukata tamaa. Mwaka huohuo wa 2023 jarida la chama cha madaktari wa Marekani lilichapisha uchambuzi wa majaribio 118 yaliyohusisha karibu wagonjwa 21,000. Ilionekana kwamba ukiwapa akamprosati wagonjwa 11, utamwokoa mmoja asirudie pombe ambaye angeirudia kama angepewa tembe bandia. Kwa naltreksoni ya miligramu 50, ilihitaji wagonjwa 18 ili kumwokoa mmoja asirudie pombe kabisa, na 11 ili kumwokoa mmoja asirudie unywaji wa kupindukia.

Usikunje uso ukisema kwamba hiyo ni haba. Dawa nyingi tunazozitumia kila siku, zikiwemo zile za kuzuia kiharusi, hupimwa kwa hesabu ya namna hiyo, na nyingine husaidia wachache kuliko hao. Ila hesabu hii inakuonyesha ukweli mmoja mkubwa: kati ya watu waliopewa dawa ile ile kwa kipimo kile kile, wako waliosaidika na wako ambao hawakusaidika. Sasa tuangalie sababu.

Ini na figo si sawa kwa wote

Dawa ikimezwa haifiki yote katika damu. Kwa naltreksoni, ini huiharibu sehemu kubwa kabla haijapata nafasi ya kufanya kazi. Kiasi kinachofika katika damu hutofautiana baina ya watu kutoka asilimia 5 hadi asilimia 40. Yaani watu wawili wa Gilgil wanaweza kumeza tembe zinazofanana saa ile ile, mmoja akapata mara kadhaa zaidi ya mwenzake.

Disulfiramu nayo ni lazima ini liigeuze kwanza ndipo iwe na nguvu. Ndiyo sababu kipimo kinachomwangusha mmoja kinaweza kumwacha mwingine akinywa na kucheka. Jamaa zake husema “ameizoea dawa” au “hazitishwi damu zake”. Huenda mwili wake haukuigeuza ya kutosha, au hakuimeza kabisa. Mwingine kwa bahati mbaya ini lake huvimba kwa sababu ya dawa yenyewe. Hilo hutokea kwa nadra, lakini likitokea laweza kuua, na kwa kawaida huwa ndani ya miezi mitatu ya kwanza. Kwa hivyo daktari huagiza damu ipimwe kabla na baada ya kuanza.

Akamprosati haipiti katika ini kuvunjwa. Hutoka nzima kwa njia ya figo. Basi yule ambaye ini lake limeharibiwa na pombe, naye ni mgonjwa wa kawaida kabisa, huenda hiyo ndiyo ikamfaa, mradi figo zake ni nzima. Mwenye figo mbovu sana hafai kuipewa.

Urithi wa damu

Karibu thuluthi moja au zaidi ya watu wa Mashariki ya Asia, kama vile Wachina, Wajapani na Wakorea, huzaliwa na jeni inayokidhoofisha kile kimeng’enya cha kuondoa asetaldehaidi. Wakinywa hata kidogo nyuso zao huwa nyekundu na moyo huenda mbio. Ni kama watu waliozaliwa na disulfiramu ndani yao, na wengi wao hujiepusha na pombe kwa sababu hiyo. Jeni hiyo ni nadra sana miongoni mwetu Waafrika. Kwa upande mwingine, baadhi ya watu wenye asili ya Afrika wana aina ya kimeng’enya kingine ambacho huigeuza pombe upesi zaidi.

Kwa naltreksoni, kisa cha jeni ni funzo kwa wanaotaka majibu ya haraka. Mwaka 2003 utafiti ulidokeza kwamba wagonjwa wenye aina fulani ya jeni inayohusu milango ya raha ya ubongo hufaidika zaidi na dawa hiyo. Watu walifurahi, wakidhani kwamba siku moja tutampima mtu damu na kujua papo hapo dawa yake. Mwaka 2015 jaribio lililopangwa maalumu kulithibitisha jambo hilo halikuonyesha tofauti iliyotarajiwa. Aidha, aina hiyo ya jeni ni ya kawaida kwa watu wa Asia, ipo kwa kiasi kwa Wazungu, na ni adimu kwa Waafrika. Kwa hivyo, mtu akikuambia ulipe pesa nyingi upimwe jeni ili ujue dawa ya pombe itakayokufaa, zibane pesa zako. Kipimo hicho hakijafikia kutuongoza.

Funzo jingine ni kwamba mengi yaliyoandikwa kuhusu dawa hizi yalipatikana kwa wagonjwa wa Ulaya na Marekani. Mgonjwa wa Elementaita au Mbaruk afuatiliwe kwa macho na kwa vipimo, isidhaniwe tu kwamba atafanana nao.

Kwa nini anakunywa?

Hili daktari hawezi kulisoma katika damu. Ni lazima aambiwe. Wako wanywao kwa ajili ya raha: muziki, marafiki, mshahara umetoka. Wako wanywao ili kupoza maumivu: usingizi umekosekana, mawazo yamezidi, mkono unatetemeka. Utafiti wa Ujerumani uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba wanaokunywa kwa ajili ya raha ndio waliosaidiwa zaidi na naltreksoni. Jambo hilo linaeleweka, kwa kuwa dawa hiyo huipunguza raha yenyewe. Anayekunywa kwa ajili ya huzuni au hofu huenda akahitaji pia kutibiwa huzuni hiyo, la sivyo dawa ya pombe itakuwa inafagia maji huku bomba limeachwa wazi.

Basi msomaji, unapomsindikiza jamaa yako kliniki, usiseme tu “anakunywa sana”. Eleza anakunywa nini, saa ngapi, na nani, na ni jambo gani hutangulia. Chupa ya bia ina kiasi kinachojulikana. Glasi ya chang’aa haina.

Siku ya kuanza

Mwaka 2006 Wamarekani walitoa matokeo ya jaribio kubwa la wagonjwa 1,383. Naltreksoni ilisaidia, lakini akamprosati haikuonyesha faida. Mbona basi huko Ulaya ilikuwa imewasaidia wengi? Maelezo yanayokubaliwa na wengi ni kwamba katika majaribio ya Ulaya wagonjwa wengi walikuwa wameondolewa pombe mwilini kwa uangalizi kwa muda mrefu zaidi kabla ya kuanza tembe. Akamprosati hufanya kazi vizuri kwa aliyekwisha kuacha na anataka asirudi. Anayeimeza huku akiendelea kulewa huwa anapoteza pesa.

Naltreksoni inaweza kuanzishwa hata kabla mtu hajaacha kabisa. Disulfiramu kamwe isianzwe kabla ya saa 12 tangu tone la mwisho, na madaktari wengi hupenda kungoja siku nzima au zaidi.

Hapa nina onyo kubwa. Mtu aliyekunywa sana kila siku kwa miaka mingi asifungiwe nyumbani “ili pombe imtoke”. Saa 6 hadi 12 baada ya kuacha huanza kutetemeka na kutoka jasho. Katika siku mbili za kwanza anaweza kushikwa na kifafa. Kati ya siku ya pili na ya nne anaweza kuanza kuweweseka, kuona wadudu ukutani na kuwakimbia watu wasiokuwepo. Wapo wanaofariki katika hali hiyo. Hapa pia watu hutofautiana: mmoja hupita akitetemeka kidogo tu, na mwingine, hasa aliyewahi kushikwa na kifafa alipoacha hapo awali, huzidiwa kila anapojaribu tena. Huyo huhitaji hospitali, dawa za kumtuliza na sindano za vitamini B1. Tembe za kuacha pombe haziwezi kuifanya kazi hiyo.

Maradhi na dawa nyingine

Mara nyingi mgonjwa wa pombe huwa na ugonjwa mwingine. Anayetumia dawa za kifua kikuu ana isoniazidi ndani yake, na isoniazidi ikikutana na disulfiramu yaweza kumfanya ayumbe na kuchanganyikiwa akili. Vivyo hivyo metronidazoli, ambayo watu hununua dukani kwa jina la Flagyl kila tumbo likiuma: ikichanganywa na disulfiramu imewahi kuwatia watu wazimu wa muda. Mwenye ugonjwa wa moyo, aliyewahi kupatwa na wazimu, au mama mjamzito hapaswi kupewa disulfiramu.

Naltreksoni nayo haipatani na dawa za maumivu za jamii ya afyuni, kama vile kodeini, tramadoli na mofini. Aliyezizoea akimeza naltreksoni atashikwa na maumivu makali ya ghafla, na aliyevunjika mguu njiani hatapata nafuu ya sindano ya kawaida. Mwambie daktari kila dawa unayotumia, hata ile ya kikohozi uliyonunua kioski, hata mitishamba.

Nani anamkabidhi tembe?

Sababu nyingine ni ya kawaida mno hata husahaulika: tembe haikumezwa. Katika majaribio, disulfiramu imefaulu zaidi pale ambapo mgonjwa amekubali mwenyewe aimeze mbele ya mtu, awe mkewe, mama yake au muuguzi. Mgonjwa aliyeachiwa pakiti peke yake hujua kwamba akiacha tembe leo, baada ya siku kadhaa atakunywa bila shida. Kwa hivyo, kabla ya kusema dawa imeshindwa, ulizeni kwa upole kama imetumiwa.

Usimtilie mtu dawa kwa siri

Sasa nafika kwenye jambo lililonifanya niishike kalamu. Wake na akina mama waliochoka huambiwa na watu, “Nunua ile dawa umtilie katika chai, atatapika mpaka aichukie pombe.” Naelewa uchungu unaomfikisha mama huko. Hata hivyo nakuomba, usifanye.

Mtu asiyejua kwamba amemeza disulfiramu atakwenda baa kama kawaida na kunywa kama kawaida. Hataonja kidogo akaogopa. Atakunywa chupa nne kabla hajaelewa kinachomsibu, na shinikizo likiporomoka moyo wake unaweza kusimama. Wewe hujui kama ana ugonjwa wa moyo. Hujui mwili wake uko upande gani wa ile tofauti niliyoieleza, na hapa tofauti hiyo ndiyo hukata shauri kati ya kutapika na kufa. Tena nguvu ya dawa haiishi siku unayoacha kumpa. Yaweza kubaki mwilini hadi siku 14. Zaidi ya hayo, askari asiyeonekana hazuii mtu kuingia. Dawa hii hufanya kazi kwa sababu mgonjwa anajua kwamba ameimeza.

Hata anayeitumia kwa hiari yake anapaswa kujihadhari na pombe iliyojificha. Baadhi ya dawa za kikohozi zina pombe, na pia dawa za kusukutua mdomo, marashi ya baada ya kunyoa na vyakula vilivyochacha. Watu wengine hawadhuriki na kiasi kidogo hivyo, lakini wengine huwashwa uso kwa marashi tu.

Ikishindwa, tufanye nini?

Kwanza, usiseme “tumejaribu kila kitu” baada ya dawa moja. Mpe mgonjwa na dawa muda wa miezi mitatu hivi, huku akionwa mara kwa mara. Ikiwa hakuna mabadiliko, daktari anaweza kuchunguza kama tembe zinamezwa, kurekebisha kipimo, au kubadilisha dawa. Aliyeshindwa na disulfiramu anaweza kufaulu kwa naltreksoni, na aliyechafukwa tumbo na naltreksoni anaweza kustarehe na akamprosati. Ziko nyingine pia ambazo wataalamu huzitumia kwa wagonjwa maalumu, kama vile topiramati, gabapentini na baklofeni.

Pili, usihesabu kupungua kuwa ni kushindwa. Mtu aliyekuwa akilewa siku saba, akawa analewa siku mbili, amepata nafuu. Ini lake linajua, na watoto wake wanajua.

Tatu, dawa haitoshi bila ushauri. Jirani zetu wa Eldoret wametuonyesha kwamba jambo hili linawezekana hapa hapa. Katika kliniki za AMPATH, washauri wa kawaida wasio madaktari walifunzwa kuongoza vikundi vya wagonjwa wa virusi vya ukimwi waliokuwa wakinywa pombe, kwa lugha ya Kiswahili. Wagonjwa 614 walishiriki, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021 yalionyesha kwamba waliofunzwa mbinu za kubadili mawazo na mwenendo walipunguza unywaji zaidi kuliko wale waliopewa mafunzo ya afya ya jumla. Hapakuhitajika mtambo wa gharama, bali watu waliofunzwa na kuketi na wenzao.

Maswali ya kumuuliza daktari

Ukienda katika hospitali ya kaunti ndogo iliyo karibu nawe, au ukielekezwa kliniki ya afya ya akili, kata maswali haya uende nayo:

1. Je, ni salama aache ghafla nyumbani, au alazwe kwanza?

2. Ini, figo na moyo wake vimepimwa?

3. Dawa hii ni ipi kati ya zile tatu, na kwa nini imechaguliwa hii kwake yeye?

4. Dawa zake nyingine zinapatana nayo?

5. Tutajuaje kwamba inafanya kazi, na turudi lini?

6. Isipofaa, hatua inayofuata ni ipi?

Mkimbize hospitalini bila kungoja akishikwa na kifafa, akianza kuweweseka, macho yakiwa ya manjano na mkojo wa rangi ya kahawia, au akipata maumivu ya kifua au kuzirai baada ya kunywa pombe juu ya disulfiramu. Ikiwa hujui pa kuanzia, NACADA ina nambari ya simu ya 1192 isiyotozwa malipo.

Nawe msomaji unayekunywa na unayesoma makala haya kwa siri, pengine kwa kuwa ulijaribu tembe mara moja zikakushinda: hukushindwa wewe. Ilishindwa dawa moja katika mwili mmoja. Rudi kliniki, uiseme hadithi yako yote, na uulize juu ya nyingine.